Stoo ya Matofali Mabichi

Mwalimu Cornel alitufundisha ujenzi pale Ushirombo mwaka 1983, na kwake tofali lisilochomwa lilikuwa tusi. Kwa hiyo Euphrasia aliposema darasani kwamba stoo yake ya mtihani ataijenga kwa matofali mabichi, mwalimu alicheka mpaka chaki ikamdondoka.

"Mvua ya kwanza tu, binti, utatupikia uji!"

"Lakini mwalimu, kuni tutatoa wapi? Miti iliyobaki ni ya ngitili."

Ngitili ni malisho ambayo wazee huyafunga mpaka kiangazi kikali. Ukikata mti humo, unatozwa ng'ombe. Mwalimu akajibu kwamba kuni zitaletwa na lori. Kisha akamwonya: ukuta ukibomoka, atarudia mwaka. Wote tulijua baba yake ameshasema hakuna kurudia. Akifeli, anarudi nyumbani kulima pamba, basi. Nilimhurumia kweli.

Nikajiunga naye. Msinisifu, nilikuwa nakwepa kubeba kuni. Nilikoma! Euphrasia alinibebesha mawe ya msingi mpaka ukafika magotini, kisha akaezeka nyasi zilizotokeza mbali kupita kuta, pande zote.

"Kofia ya pama hiyo!" wenzetu wakatucheka. Wao walishapanga matofali yao tanuri zima, wanangoja lori.

Mtahini alipofika kutoka Shinyanga, lori lilikuwa bado halijaja. Mwalimu alikuwa akimweleza ubora wa tofali la kuchoma pale mvua ilipotushukia. Tukatimua mbio. Jengo la karibu lenye paa lilikuwa moja tu, na wa kwanza kuingia alikuwa Mwalimu Cornel.

Euphrasia hakumtazama mtu. Alibandika kiganja ukutani. Mvua ikapiga, ikapiga. Ukuta ulikuwa mkavu. Nje, tanuri likalainika, likainama, likamwagika uwanjani.

"Uji huo wa nani?" mtahini akauliza.

Tukaziba vinywa. Mwalimu akaupapasa ukuta, akamtazama Euphrasia, akacheka kuliko siku ile ya chaki.

"Wangu, mzee. Na huyu binti alinionya."

Euphrasia akalia na kucheka kwa pamoja. Alifaulu.

Mwaka uliofuata nilipita hapo nikamkuta mwalimu na wanafunzi wapya kando ya ngitili, kalamu zikiwa bado mifukoni.

"Kabla hamjachora chochote," alikuwa akiwauliza, "kuni mtatoa wapi?"

Aliuliza kana kwamba swali hilo kaliwaza mwenyewe.