Machungwa Yaliyopukutika

Upepo ulipukutisha machungwa ya Mwongeli yangali madogo, mabichi, machungu kama shubiri. Kanisa lao hapo Matiliku likafunga na kuomba, likiukemea upepo huo.

Kwa hasira, akiona hana tena cha kupoteza, Mwongeli aliyakausha akayapeleka kwenye kiwanda kinachotoa dawa ndani ya machungwa na kuwauzia watengenezaji wa vidonge. Mara ya kwanza alikuwa amepeleka maganda ya machungwa yaliyoiva, yakarudishwa. Dawa iliyokuwamo haikufika kiwango.

Githaiga, mpimaji wa kiwanda, alitoka maabara akicheka.

“Mama, haya yamepita kiwango! Machanga ndiyo yana dawa nyingi. Leta mengine.”

Mwongeli aliketi juu ya gunia, akampigia mchungaji simu.

“Pasta, yale maombi ya upepo, hebu tuyaachie hapo kwanza.”