Karai la Fundi Makarius

Mwaka ule wa ruksa, maduka ya Kimamba yalipojaa sabuni za kila rangi, Fundi Makarius hakununua hata kipande. Hilo Costancia aliliona siku ya kwanza.

Alikuwa na miaka kumi na tano, binti wa Shigela wa Tindiga, na mradi wa vijana ulimpa posho kila Jumamosi ya likizo ya Juni ili ajifunze kutengeneza baiskeli. Posho ilikuwa tamu, lakini kilichomleta ni gurudumu la nyuma la baiskeli ya baba yake. Lilipinda tangu masika, na tangu hapo mama yake alibeba mpunga kichwani mpaka stesheni. Costancia alikuja nalo begani, akaapa harudi nalo limepinda.

Kubandika viraka hakukumsumbua. Kilichomsumbua ni karai. Mpira ukitoboka, fundi aliuzamisha humo atafute mapovu, katika maji meusi yenye utando unaometa kama mgongo wa nzi. Saa saba mkewe akileta ugali, fundi alinawa humohumo, akajifutia kaptula, tena pale pa kukalia, kisha akaita:

"Karibu sinia, binti! Asiyekula na mimi simfundishi spoki."

Na spoki ndizo zinazonyoosha gurudumu. Kimamba nzima hakuna aliyezijua kama yeye.

Basi Costancia akala. Yaani, alionekana akila. Alifinyanga tonge, akalipeleka karibu na mdomo, akalidondosha chini ya benchi kwa kuku. Wiki tatu tu, kuku akawa na mwendo wa mke wa mwenye duka.

"Mbona wewe hunenepi?" fundi aliuliza, akijilamba vidole mpaka kwenye kiwiko.

"Ndivyo ukoo wetu ulivyo, fundi."

Jumamosi ya mwisho, siku aliyoahidiwa spoki, benchi lilikuwa tupu. Fundi alikuwa chooni, nyuma ya ua wa matete, tumbo likimwendesha tangu alfajiri.

"Shikamoo, fundi!"

"Mara... marahaba! Rudi kwenu, leo hakuna kazi."

Na Jumatatu shule inafunguliwa! Costancia aliburuta benchi na fremu kuukuu ya fundi mpaka kwenye ua, akalipachika gurudumu lake, akajifunga upindo wa khanga puani.

"Fundi, linalalia kushoto!"

Ukatoka mlio nisioweza kuuandika, nina wajukuu wanaosoma. Kisha:

"Kaza za kulia! Robo tu!"

"Nimekaza!"

"Legeza za kush... ngoja kwanza!"

Akangoja. Aliyoyasikia akingoja yalimfanya atamani kuwa kiziwi.

"Haya, legeza! Zungusha! Linasemaje?"

Jua lilipofika utosini, gurudumu lilipita katikati ya uma wa fremu bila kugusa huku wala huku. Fundi akatoka, uso kama majivu, akalizungusha, akacheka kwa furaha ya kweli. Moyo wake haukuwa na doa. Alichovya mikono karaini, akanyoosha wa kulia ukidondosha maji.

"Hongera, fundi mwenzangu. Lete mkono."

Mkono wa mkubwa haukataliwi. Costancia alimtazama kuku. Kuku akatazama pembeni. Costancia akautoa mkono wake, na ule wa fundi ukaushika muda mrefu, ukautikisa, ukaupapasa.

Jioni, Tindiga, gurudumu likiwa limerudi kwenye baiskeli ya baba, mama yake alipakia gunia kwenye keria, akaisukuma baiskeli mpaka mlangoni na kurudi, akipiga vigelegele. Akakimbia kumkumbatia bintiye.

"Simama hapohapo, mama!" Costancia alirudi nyuma, mkono ameutenga na mwili. "Majivu yapo jikoni? Lete yote."