Dabu ya Mama Boni

Dabu, kwa asiyeijua, ni rege iliyopunguzwa. Fundi anachukua wimbo mzima, anamwondoa mwimbaji, anabakiza besi na ngoma. Halafu anarudisha kipande kidogo cha sauti na kukirusha kwenye mwangwi mpaka kififie. Na mwangwi sisi wa vitendawili tunaujua: nimemtuma hana miguu, karudi na nusu ya maneno yangu.

Severini wa Lindi alikuwa fundi wa mambo hayo. Nywele amesokota, kuta za chumba chake amezifunika kwa magodoro ili sauti isitoke nje. Alikuwa anatafuta kitu cha kuchanganya na dabu yake ambacho hata watu wa Dar hawana, na alikipata siku aliyopita nyuma ya nyumba ya mama mmoja mtu mzima, Apolonia, akamsikia anakuna nazi huku anaimba Kihindi.

Mmakonde wa watu, Mkristo wa misa ya kwanza, Kihindi alikitoa wapi? Ujanani alifanya kazi kwa Mama Hansa, Mhindi mwenye duka la vitambaa. Kila asubuhi Mama Hansa aliketi mbele ya picha za miungu yake, akapiga kinanda kile cha kuvuta upepo kwa mkono, akaimba bhajani, nyimbo zao za ibada. Apolonia alikuwa hapohapo anafagia, au anambembeleza mtoto wa mama huyo, na nyimbo zikamwingia. Wahindi wale walipohama wakamwachia kinanda.

Severini alimwamkia kwa adabu, akakaa kwenye jamvi, akamweleza: besi ya rege chini, bhajani juu, na katikati gitaa la kuzungukazunguka, muziki wa kumfanya mtu aone rangi hata kama hajavuta kitu. Apolonia alicheka, akasema kwa umri wake rangi za nini, mtoto wa jicho anamtosha. Lakini alikubali. Kwaya ya kanisani walishamtoa, eti sauti yake inatetemeka kama ya filamu za Kihindi, na mtu aliyenyamazishwa akiombwa kuimba hajiulizi mara mbili.

Walirekodi wiki nzima. Nyimbo mbili zilikwenda vizuri, wa tatu ukagoma. Kila akifika ubeti wa pili sauti inakatika. Severini akamuuliza kulikoni. Apolonia akauliza kwanza kama mashine imezimwa.

"Nimezima, mama yangu. Sema tu."

Akasema jambo alilolibeba miaka thelathini na moja.

"Nilimfungia Boni ndani amelala, nikaenda kazini, nikijua narudi sasa hivi. Mtoto wa Mama Hansa alikuwa anaota meno, nikaombwa nibaki nimwimbie. Nikabaki mpaka alasiri. Narudi, wangu wa baridi. Nikamfunga mgongoni, nikapita naye sokoni nikimwimbia wimbo huuhuu, watu wasijue nimebeba maiti."

Mumewe, Laurenti, wakati ule alikuwa Newala kwenye msimu wa korosho. Aliporudi mkewe alimwambia mtoto alishikwa na homa ya ghafla, akamfia mgongoni njiani kwenda hospitali. Wanawake wa sokoni wakashuhudia kwamba walimwona akipita anambembeleza. Mtoto mwingine hawakujaliwa. Laurenti akaishi na neno hilo moja. Kila mahali mama fulani aliposemwa kwa uzembe, yeye alisema wake alimwimbia mtoto mpaka pumzi ya mwisho. Na hakuacha kumwita Mama Boni.

"Laurenti asije akajua," Apolonia alimwambia Severini. "Afadhali nife."

Severini aliapa kwa kaburi la mama yake. Taa nyekundu ya mashine ilikuwa inawaka, ila Apolonia alidhani ni ya umeme.

Tamasha lilikuwa Kilwa Masoko, uwanjani, Jumamosi saa kumi alasiri. Apolonia alimpigia mumewe shati pasi, akamkalisha mstari wa mbele kwa mkono wake mwenyewe, akapanda jukwaani kwenye kinanda. Nyimbo mbili za kwanza watu waliyumba kama minazi. Laurenti alikuwa anatikisa goti.

Wa tatu, Severini aliinamia mashine, besi ikaingia. Apolonia akafungua kinywa, kumbe kipaza sauti chake kimeshakatwa. Sauti yake ikatoka kwenye spika na yeye hajaimba.

Nilimfungia Boni ndani, ndani, ndani.

Gitaa likazunguka. Wangu wa baridi, baridi, baridi. Vijana waliona ni ufundi, wakaruka. Nimebeba maiti, maiti, maiti. Uwanja mzima ukaitikia: maiti. Apolonia alikivuta kinanda kwa nguvu zake zote aifunike sauti ile, na Severini akaudaka mlio wa kinanda akaurusha nao kwenye mwangwi. Ukakolea.

Laurenti hakuinuka. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini, kama yuko kwenye mahubiri.

Nyuma ya jukwaa Apolonia alimuuliza Severini kwa nini.

"Mama Boni, si umesikia walivyoitikia? Ungeimba wimbo wangepiga makofi wakaenda zao. Dabu inatoa wimbo, inabakiza kinachouma." Halafu akauliza, kwa upole kabisa, kama hana lingine la namna hiyo.

Apolonia na mumewe walirudi Lindi bila neno. Majirani walitega masikio wasikie kipigo, hawakusikia. Siku ya tatu mchana, wananawa mikono wale ugali, Laurenti akasema, "Kitendawili."

Apolonia nusura alie kwa furaha. Tangu uchumba wao, mume yule akikasirika hunyamaza, na hasira ikiisha hutega.

"Tega."

"Mama anaimba, mtoto halali wala haamki."

Jibu alilijua. Akakimbilia desturi, kwamba aliyeshindwa hutoa mji na mtegaji humfumbulia.

"Nakupa mji. Chukua Mchinga."

"Siutaki."

"Chukua Kinjumbi."

"Siutaki."

"Kilwa Kisiwani basi, na magofu yake yote."

"Nikae na nani huko? Jibu, Apolonia."

Kesho yake, maji ya kunawa yakiwa mezani, akategewa kilekile. Na keshokutwa. Alitoa Mtwara, akatoa Songea, akatoa Dar na Unguja, akatoa hata Bombei alikohamia Mama Hansa. Laurenti alikataa mji mmoja baada ya mwingine, anatafuna, anamtazama.

Siku ya tisa miji ilimwishia. Akalitaja jibu, kwa sauti ya chini, macho kwenye bakuli la mboga.

Laurenti akaweka kiganja nyuma ya sikio, akasema hakusikia vizuri, arudie.