Wadudu wa Mawe ya Mlimani

Severina alitaka jibu moja tu: Anselmo wake, hata miezi mitatu hajatimiza, hicho kimelea cha ugonjwa wa Chagas kilichomo damuni kakipata kwa mdudu, au kwa tumbo lililomzaa? Lo! Policarpio wa maabara akamfungulia somo.

"Kimelea ni kimoja, doña Severina, ila kina makabila sita. La mtoto ni la tano, nalo ni chotara wa la pili na la tatu."

"Chotara? Haya. Na wale vinchuka?"

Maana bonde zima linajua: ukimkuta mdudu huyo mnyonya damu nyumbani, mtie kwenye kasha la kiberiti, mpeleke zahanati. Aliyewaleta hawa ni mama mkwe wake, Eulogia. Alisema kawakamata jikoni, kwenye kizimba cha simbilisi.

"Hao wana la kwanza."

"Basi si wao. Ni mimi!"

"Ngoja kwanza. Damu yako nayo imeonyesha la kwanza."

Severina akashusha pumzi. Si yeye! Wacha wee, hata hajatabasamu vizuri, Policarpio akaongeza, "Ila mtu anaweza kubeba mawili. Moja likaonekana, jingine likajificha."

"We kaka, mbona unanivuruga? Ni mimi au si mimi?"

"Sijui, doña. Kweli tena, sijui." Akakigeuzageuza kile kiberiti. "Hata hawa siwaelewi. Kwa rangi ningesema ni wa porini."

Eulogia, aliyekuwa benchini anatafuna majani yake ya koka, akaacha kutafuna.

"Ni wa mlimani," alisema. "Niliwatoa kwenye mawe, ninakochungia mbuzi. Nyumba ilishapulizwa dawa, hamna hata mmoja."

"Sasa kwa nini, mama?"

"Nilitaka awe mdudu, mwanangu. Nilitaka usiwe wewe."

Kumbe! Kumbe mama huyu alishamhukumu zamani, akamsamehe kimoyomoyo, kisha akapanda mlima kumtafutia mwingine wa kulaumiwa. Severina alitaka kumkumbatia, na alitaka kumfokea.

"Na dawa ya mtoto?" akamuuliza Policarpio. "Kila kabila na yake?"

"Dawa ni ile ile."

Severina akakisaga kidonge alichopewa, akakamulia maziwa yake kijikoni. Eulogia akamshikia kijiko. Anselmo alikunja uso, akalia kwa ule uchungu, kisha akageuka kulitafuta titi la mama yake. Severina akasita kidogo. Halafu akampa.