Kikombe Alichokiweka Harub

Walipoumaliza mlima wa mwisho kabla ya Qurayyat, Harub alisema kwamba leo ataitoa kweli. Bi Nasriya hakuhitaji kumtazama kujua kwamba kweli hiyo, ikitoka, itamwangukia yeye.

"Zima hiyo redio kwanza," alimwambia.

Harub akaizima. Alikuwa na miaka sabini na mbili, anasafishwa damu hospitali mara tatu kwa wiki, na bado hakubali mtu mwengine aushike usukani wa gari lake. Akaeleza kwamba amechoka. Kila mwaka wakikutana anakalishwa juu kabisa, karibu na mwenye nyumba, anasifiwa kwa jambo ambalo hakulifanya. Daktari hamwahidi mwaka mwengine, na yeye hataki kwenda kaburini na sifa ya mtu.

"Sifa hiyo unayo miaka sitini," alisema Bi Nasriya. "Leo ndiyo imeanza kukuwasha?"

"Ilikuwa ikiniwasha siku zote. Nikijikuna peke yangu."

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mwaka ule wa mapinduzi Unguja, watoto kumi na wanane walipandishwa meli bila wazee wao. Wengine baba zao walikuwa wamefungwa, wengine hawajulikani walipo. Waliteremshwa Matrah, bandari ya Uarabuni, na kuletwa Qurayyat, kwa watu wasiowajua, kwenye lugha ambayo wengi wao hawakuisikia ila msikitini. Siku ya kwanza walichukuliwa wanne. Mmoja wao alikuwa Balqis, mdogo wake Nasriya, mwenye miaka mitano. Alipakiwa juu ya punda na mtu mwenye kilemba cha rangi ya majivu, wakaelekea bondeni, na Nasriya hakumuona tena. Alipokuwa mtu mzima alimtafuta kijiji kwa kijiji. Kila alipofika aliambiwa labda ni kijiji kinachofuata.

Siku ya pili wakaja wanaume kuwagawana waliobaki, huyu mmoja, yule wawili, kwa wema wao na kwa uwezo wao. Walikaa kwenye chumba cha wageni cha Mzee Sinan, mwenye mashamba ya mitende pale. Kahawa ikazungushwa. Harub, kwa kuwa ndiye mkubwa wa watoto, alipewa kikombe cha mwanzo kwa heshima. Mtoto aliyelelewa kwa chai ya maziwa, kahawa ile akaigusa kwa mdomo, akakunja uso, akakiweka kikombe chini kwenye mkeka.

Chumba kizima kikanyamaza.

Kwa watu wa pale, mgeni akiweka kikombe chini bila kunywa, ana haja. Na mwenye nyumba hana uso wa kumuacha mgeni aondoke na haja yake. Mzee Sinan akainama, akamuuliza Harub anataka nini. Harub hajui Kiarabu. Aliyekijua ni Nasriya, mwenye miaka tisa, aliyekulia mapajani mwa bibi asiyesema lugha nyengine. Macho yote yakamgeukia.

"Anasema," alitafsiri Nasriya, "hatoinywa kahawa yako mpaka umuahidi kwamba sisi hatutotenganishwa."

Mzee Sinan akaapa. Watoto kumi na wanne, aliwaweka wote nyumbani kwake, miaka minne, mpaka jamaa walipoanza kupatikana. Na tangu siku hiyo Qurayyat nzima inamjua kijana aliyekiweka kikombe.

"Ukisema," Bi Nasriya alimwambia Harub, na sasa walikuwa wakiyaona maminara ya mji, "hujivui wewe. Unanivua mimi. Na pale ndipo mahali pekee duniani ambapo pana mtu anayenikumbuka mtoto. Kwengine kote mimi ni bibi kizee wa Al Khoudh aliyestaafu uuguzi. Ukinitoa hapo, nna wapi tena?"

Harub aliingiza gari kwenye njia ya vumbi inayopita baina ya mitende, akaliegesha vibaya kama kawaida yake, akashuka.

Salem, mtoto wa Mzee Sinan, alikuwa amesimama mlangoni na bakora yake. Aliwapokea kwa Kiarabu, kwa salamu zile ndefu ambamo huulizwa habari, na habari za habari. Nyumba ilikuwa ileile ya udongo, ukuta mmoja umeshaanguka, mashine ya kupoza hewa inanguruma juu ya dirisha. Ghaliya alikwisha kufika, amekaa kwenye kiti chake cha magurudumu na sahani ya haluwa mapajani. Kati ya wale kumi na wanne, walibaki watatu hao.

"Mmechelewa," Ghaliya aliwaambia. "Nimeanza bila nyinyi. Katika umri wetu anayengoja wenzake hufa na njaa."

Walicheka wote isipokuwa Salem. Bi Nasriya akaliona hilo.

Wakala. Salem akawaambia kwa ufupi kwamba huu ndio mkutano wa mwisho. Mwanawe amemjengea chumba huko Mawaleh, na nyumba hii, akishaondoka, haitasimama hata mvua moja. Aliyasema hayo akitazama sahani. Kila mwaka, baada ya chakula, yeye ndiye aliyekisimulia kisa cha kikombe tangu mwanzo, kwa madaha, akiiga hata sauti ya baba yake. Mwaka huu alikwenda moja kwa moja kwenye dele la kahawa.

Alimmiminia Harub. Harub, ambaye siku hizi aliipenda kahawa kuliko daktari wake alivyotaka, akanywa, akakitikisa kikombe kuashiria imetosha. Mdomo wake ulikuwa umeshafunguka kusema. Lakini Salem alikuwa ameshampa mgongo. Akammiminia Ghaliya, kisha Bi Nasriya. Mwisho akajimiminia mwenyewe.

Hakurudi mahali pake. Alikwenda akakaa karibu na mlango, chini, pale wanapokaa wageni wasiojulikana, na akakiweka kikombe chake kwenye mkeka bila kukinywa.

Ghaliya akaacha kutafuna.

"Leo mgeni ni mimi," alisema Salem. "Na nna haja."

Alisema kwa Kiswahili. Alikipata kwao wao, miaka ile minne, katika kucheza na kugombana, na tangu walipoondoka hakupata wa kusema naye. Kwa hivyo Kiswahili chake hakikukua. Mzee wa miaka sabini, ndevu nyeupe mpaka kifuani, na maneno ya mtoto wa miaka kumi.

"Siku ile mimi nilikaa hapo, nyuma ya baba," alisema, akaelekeza bakora. "Harub alisema neno moja tu. Moja. Mimi Kiswahili sikijui, lakini neno nimelishika. Halafu Ghaliya akapata homa. Mama akampa dawa. Ghaliya akatema, akasema neno lilelile. Chungu."

"Mimi tena nimefanya nini?" alisema Ghaliya.

"Ndipo nikajua," Salem aliendelea, kama aliyeogopa kwamba akisimama hatoweza kuanza tena. "Harub alisema chungu. Basi. Hayo mengine aliyasema nani?"

Bi Nasriya alimwona Harub akijisogeza mbele kutaka kusema. Alijua kwamba neno linalofuata litakuwa la Harub, na kwamba atalisema kwa namna ya kumkinga, atajitwika yeye, atasema alimwambia pembeni, alimnong'oneza. Njia nzima alikuwa amemwomba anyamaze. Sasa alimwona anataka kumtolea uongo wa mwisho wa maisha yake, na akaona haya.

"Niliyasema mimi," alisema. "Harub hakuomba kitu. Kahawa ilimshinda tu. Mimi nikaona watu wamenyamaza, nikaona baba yako anangoja, nikajua kwamba hapo naweza kusema lolote na litakuwa. Nikasema."

Harub akashusha pumzi, kama mtu aliyetuliwa mzigo ambao hakutarajia utuliwe na mwengine.

Salem hakuonekana kushangaa. Alitikisa kichwa polepole. Kisha akaanza kuhesabu, si kwa hasira, kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya marehemu. Mitende ya upande wa bondeni, yote, iliuzwa mwaka wa kwanza. Zamu yao ya maji ya mfereji ikauzwa mwaka wa pili, na mitende iliyobakia ikafa kwa kiu. Mama yake alikuwa akila mwisho, na mara nyingi mwisho hapakuwa na kitu. Halafu akamtaja Mahfoudha, na hapo akaacha kuhesabu.

Bi Nasriya alikuwa akilingoja jina hilo miaka sitini.

Mahfoudha alikuwa dada yake Salem, mwenye miaka kumi na mitatu walipofika. Ndiye aliyempa Nasriya godoro lake usiku wa kwanza. Ndiye aliyemsuka nywele kila Ijumaa, akivuta mpaka machozi, akimwambia kwa Kiarabu kwamba uzuri una adabu yake. Msimu wa baridi wa mwaka wa pili aliozwa kwa mtu mzima wa bara huko, mbali, ili nyumbani papungue mdomo mmoja. Alifariki kwenye uzazi, na hata kumi na sita hajatimiza. Habari ilipofika, Nasriya alikuwa uani anapepeta ngano. Alikumbuka kwamba hakuuacha ungo. Aliendelea kupepeta mpaka ngano yote ikawa safi, kwa sababu hakujua kitu chengine cha kufanya na mikono yake.

"Baba alikufa akijisifu," alisema Salem. "Sikumwambia. Nilimpenda baba, na nyinyi niliwapenda. Lakini mimi nimelibeba peke yangu. Kila mwaka nasimulia, kila mwaka naongopa na mimi. Imetosha."

Aliinua kikombe. Bi Nasriya alidhani atakunywa, haja imekwisha. Salem akakinusa, akakirudisha mkekani palepale.

"Bado moja," alisema. "Unakumbuka tulivyocheza? Mtu akimkosea mwenzake?"

Alikumbuka. Hata Ghaliya alikumbuka, maana aliinamisha kichwa. Aliyekosa hutakiwa aseme nimekosa, mbele ya wote, kwa sauti. Akishasema, hapana aliyeruhusiwa kulitaja tena, na mchezo unaendelea pale ulipoachwa.

"Sema nimekosa," alisema Salem. "Mara moja tu. Kwa ajili ya Mahfoudha. Nitakunywa kahawa yangu, na wewe utabaki dada yangu mpaka nife."

Harub akasema taratibu, kwa sauti ya kubembeleza, "Nasriya. Ni neno tu."

Naye Bi Nasriya alilijua kuwa ni neno tu. Alilijua lilivyo jepesi. Aliona uso wa Salem ulivyomwelekea, uso uleule wa mtoto anayesubiri arudishiwe mpira, na akatamani kumpa. Lingemgharimu nini? Angelala usiku huo akiwa bado ana kwao. Kisha akawaza kwamba likitoka, litakuwa na maana. Litakuwa na maana kwamba ilitakiwa siku ile aseme kweli: kahawa chungu, mtoto hataki kitu. Na wale wanaume wenye wema wao wangenyanyuka, kila mmoja na fungu lake. Ghaliya kwa huyu, Harub kwa yule. Kumi na wanne juu ya punda kumi na wanne. Alikuwa anajua jinsi punda anavyoonekana kwa nyuma, akienda, na miguu ya mtoto haifiki hata ubavuni.

Akanyanyuka. Magoti yalimuuma. Akavuka chumba, akaenda kukaa mkekani mbele ya Salem, chini, mlangoni, kikombe kiko baina yao.

"Mahfoudha nimemlilia, na ntamlilia," alisema. "Sijakosa kumwombea hata sala moja. Kila mtoto wa kike niliyempokea hospitali, nilimfunga kitambaa nikimtaja yeye. Mama yako ntamuomba Mungu amlishe peponi chote alichokikosa kwa ajili yetu. Ukitaka nikubusu mkono, lete mkono. Ukitaka nisikanyage tena hapa, sikanyagi."

"Sitaki hayo," alisema Salem. "Nataka lile."

"Lile huna. Nilikuwa na miaka tisa, jana yake nimeachia mkono wa mdogo wangu kwa sababu wakubwa waliniambia niuachie. Siku ya pili nikaongopa, na tukabaki kumi na wanne. Ningelirudishwa leo pale, kikombe kile kile chini, baba yako ameinama hivi ananiuliza, na najua mitende yote itakayouzwa, na najua na Mahfoudha, Salem, namjua na Mahfoudha, ningelisema lilelile."

Salem alikitazama kikombe. Kahawa ilikuwa imeshapoa, imeshika utando juu.

"Basi sema hata kwa uongo," alisema, taratibu sana. "Si unajua kuongopa."

"Najua," alisema Bi Nasriya. "Lakini hili siliongopi. Sikukosa. Sisemi."