Bwawa la Kumbatiza Kogo Jerop

Mwaka wa 1991, Kibiwott alichimba bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba yake pale Matisi, Kitale, na hakuna mtu katika boma lile aliyejua kuogelea. Bwawa lilikuwa la mama yake, ambaye kila mtu alimwita Kogo, yaani nyanya kwa Kinandi.

Kogo Jerop alikuwa amekataa ubatizo tangu enzi za mkoloni. Hakuwa na ugomvi na Mungu. Ugomvi wake ulikuwa na mto. Kanisa lao huzamisha mtu mzima mzima, na maji ya mto hushuka kutoka Mlima Elgon na baridi ya kuuma mifupa. "Leteni maji moto yanifike kifuani," alisema, "nitaingia hata leo." Alidhani amemaliza maneno. Lakini sasa kifua chake kilikuwa kinakoroma, na Kibiwott hakutaka kumzika mama yake kabla hajabatizwa.

Basi akamleta Wabwile, fundi wa bomba, Mbukusu kutoka Bungoma, aliyefunga matangi ya maji toka Mabanga hadi Sirisia na hakuna hata moja lililovuja. Wabwile alikuwa wa Friends, wale Waquaker wanaoabudu kwa kukaa kimya, na Friends hawabatizi kwa maji.

"Sasa nyinyi mnabatiza na nini?" Kibiwott alimuuliza.

"Na kunyamaza."

"Na bado unanifungia bwawa?"

"Mzee, hata baa nimezifungia bomba, na mimi sinywi."

Akapanga mitambo kando ya ukuta: pampu ya kuvuta maji, pipa la mchanga la kuyachuja, boila ya kuni ya kuyapasha moto, halafu kijitangi cha klorini. "Krorini inakuja mwisho," alieleza. "Ukiitanguliza, itakula shaba ya boila."

Kibiwott aliuliza mbona bomba la kuvuta maji na la kuyarudisha yote yako juu, karibu na ukingo. Wabwile akamwangalia vile daktari humwangalia mgonjwa anayejitibu. "Ukitoboa chini, itavuja. Mimi sitoboi chini, bana."

Jumapili kuni ziliwaka tangu alfajiri. Kanisa zima likaja. Kogo Jerop akainama ukingoni, akatumbukiza kiwiko vile mtu hupima maji ya kuogesha mtoto. Akapima tena, akitafuta kosa.

"Ni moto," alisema, kama mtu aliyeshindwa kesi.

Kwa ngazi ya kwanza alitabasamu. Ya pili akaguna. Ya tatu akatoka na mbio ambazo hakuna aliyejua bado anazo.

"Kibiwott! Umefunika mto na chai!"

Wabwile akaona kosa lake hapo hapo. Pampu ilikuwa inavuta maji ya juu, boila inayapasha, na bomba linayarudisha huko huko juu. Ya chini hayakuwa yameguswa na mtu.

"Tuongeze kuni?" Pasta Eliakim akauliza.

"Ukiongeza, juu itaiva na chini ibaki vile." Wabwile akavua viatu, akaomba ule mwiko mrefu wa kusonga ugali wa harusi, akaingia na suruali yake kukoroga. Alikoroga akizunguka, mpaka mguu ukateleza. Akazama mzima mzima. Kofia ikabaki inaelea.

Alipoibuka, waumini walisema "Amina!" kwa mazoea, na kwaya ikaanza kuimba. Pasta alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Hapana, pasta. Mimi ni wa Friends."

Kogo Jerop akanyamazisha kwaya. "Wewe Mbukusu. Huko chini kuko aje?"

Kibiwott alimtazama fundi kwa macho ya kuomba. Uongo mmoja tu, mdogo, na hata ni wa kanisa. Wabwile akapangusa uso, akanyamaza sana, vile wao hunyamaza.

"Kuna baridi, kogo. Nimekoroga, lakini bado. Inauma kwanza, halafu inapita."

Watu wakaangalia chini. Kibiwott akafumba macho.

"Pasta huniambia nitasikia furaha tu," Kogo Jerop akasema. "Kijana yangu naye ananiambia ni moto. Angalau wewe unajua kitu gani kinaningoja." Akamnyooshea mkono. "Nishike. Pasta ashike huo mwingine."

Akashuka. Akazamishwa mzima mzima, akaibuka akitukana kwa Kinandi, na kwaya ikapandisha sauti haraka.

Kibiwott alimpokea na blanketi, machozi yakimtiririka mbele ya kanisa lote.

"Wacha kulia," mama yake akamwambia, meno yakigongana. "Si umeshinda?"