Mama Aliyepiga Sururu ya Kwanza

Kila Ijumaa mchana akina mama walipanda kilima na ndoo za mavi ya ng'ombe kusiriba sakafu za shule. Vumbi lisipolazwa, funza huingia vidoleni na mtoto anaandika huku akijikuna. Caren ndiye aliyewapanga nani apake wapi. Yeye mwenyewe aliacha shule darasa la sita, lakini sakafu ya darasa la nane aliijua kuliko mtu yeyote, maana binti yake Chepkurui alikaa pale, dawati la tatu kutoka dirishani, chini ya bati lililotoboka ambalo mwalimu alikuwa ameliziba kwa lami.

Chepkurui alikuwa namba moja kwa hesabu. Mwaka huo wa 1997 alikuwa afanye mtihani mwezi wa kumi na moja, na Caren alikuwa na jambo moja tu moyoni: mtoto huyu apite, aende sekondari, asije akabeba kikapu cha majani chai mgongoni kama mama yake.

Ijumaa moja mwishoni mwa mwezi wa saba, wakiwa bado na ndoo mkononi, gari la Bwana Kipyegon liliingia uwanjani. Alikuwa anatafuta kiti cha bunge, na watu walishaanza kumwita Mheshimiwa kabla hata siku ya kura haijatangazwa. Zamani alikuwa mwalimu, kwa hivyo habari za shule alizijua, na hilo ndilo lililowaponza wazazi. Hakudanganya ovyo ovyo kama wale wengine. Alieleza vile serikali inamlipa mwalimu mshahara halafu inanyoosha miguu. Darasa, dawati, hata choo, ni mzazi. Alisema kodi inakatwa kwa majani yenu lakini hairudi kuwa ukuta. Akifika bungeni atasimama na hilo tu: kila shule ya msingi ijengwe kwa mawe, kwa pesa ya serikali, na mzazi abaki na kazi ya kulisha mtoto. Watu walipiga makofi mpaka ndama wa jirani wakakata kamba.

Kisha akafika penyewe. Alisema kwamba katika vitabu vya ofisi ya elimu darasa la udongo linahesabiwa kuwa darasa. Shule hii imeandikwa ina madarasa manane, kwa hivyo haina shida, kwa hivyo haipewi kitu. Kuta hizi zikisimama, mtasiriba mpaka wajukuu. Zikianguka, itaandikwa sufuri, na sufuri hakuna ofisa anaweza kuificha.

Hapo akamwona Caren, akamwomba asimame.

"Mama, hiyo ni nini iko kwa mikono yako?"

"Ni mavi ya ng'ombe," Caren akasema kwa sauti ya chini.

"Watoto wangu wanasoma juu ya simiti. Wako anasoma juu ya hiyo. Nani alisema wako ni mdogo kuliko wangu?"

Caren alikuwa amesiriba sakafu hiyo miaka saba bila kuona aibu, na mara hiyo akaficha mikono chini ya leso. Hata hivyo alijikaza akauliza watoto watasoma wapi kabla mawe hayajafika. Kipyegon alitabasamu kama mtu aliyelipenda swali. Lori la kwanza lingekuja wiki hiyo hiyo, akasema; kwa miezi miwili kuta zingekuwa juu; mvua kubwa ni ya mwezi wa tatu; na kwa sasa watoto wangekaa kwa banda la kupimia majani chai, asubuhi, karani wa kupima akiwa bado hajafika. Kila kitu kilikuwa na jibu.

Mwalimu mkuu, Noah, alisema neno moja tu, na alilisema akiangalia viatu vyake. "Mtihani unataka chumba kilicho na mlango wa kufungwa." Caren alikuwa karibu naye. Alisikia. Lakini mwezi wa kumi na moja ulikuwa mbali, na aibu ilikuwa hapo hapo mkononi.

Jioni alipita dukani kwa Abigael kununua sukari. Watu wa Abigael walitoka Nyeri kuja kufanya biashara hapo tangu baba mkwe wake akiwa kijana, na yeye alikuwa na mtoto darasa la tano.

"Mama Chepkurui, si mjenge hiyo ya mawe kando kwanza, ndio mbomoe hii?"

Caren akamuuliza mbona hakusema hivyo mkutanoni.

"Mimi? Mwaka wa tisini na mbili, wakati wa kura, tuliambiwa turudi kwetu, na tulikuwa tumenyamaza. Sasa nikifungua mdomo?" Akafunga sukari kwa gazeti, akarudisha chenji. Caren alienda nyumbani akijiambia Abigael ni mwoga tu.

Lori la kwanza lilikuja kweli, na hilo likamaliza wenye shaka. Shule zilipofungwa mwezi wa nane, Jumamosi ya kwanza, kamati ya shule ikaamua sururu ya kwanza apige mama, na mama awe Caren. Ukuta wa darasa la nane ulikuwa bado na alama za vidole vya waliouziba. Aliinua sururu, akapiga. Akina mama wakapiga vigelegele. Saa kumi za jioni madarasa yote manane yalikuwa chini na mabati yamepangwa kwa stoo ya mwenyekiti wa kamati.

Lori la pili halikuja. Waliotumwa kwa Kipyegon waliambiwa ndio ametoka sasa hivi, kila walipoenda, mpaka wakachoka kutumwa. Mwezi wa kumi ikaja ile mvua ambayo redio ilisema inaitwa El Nino, nayo haikujua habari ya mwezi wa tatu. Majani yalilowa kwa banda, karani akasema watoto wanamkanyagia chai, akawatoa. Ofisa wa elimu alifika amevaa gamubuti za matope, akaangalia, akaandika. Caren alingoja aone sufuri ikifanya kazi. Ofisa aliandika kwamba shule haina chumba cha mtihani, na kwamba watahiniwa wote kumi na wawili watafanyia shule ya ng'ambo ya mto.

Asubuhi ya mtihani daraja la magogo halikuwako. Lilikuwa limeondoka na maji, hata nguzo. Watoto kumi na wawili walisimama ukingoni na rula zao kwa mifuko ya plastiki. Caren akawapeleka kwa kuzunguka juu hadi daraja la njia ya lami, mbio kidogo na kutembea kidogo, matope hadi magoti. Walipofika, karatasi za hesabu zilikuwa zimekusanywa na kufungwa kwa bahasha. Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Aliwapa maji ya kunywa na kusema sheria ni sheria. Chepkurui hakulia. Aliuliza tu kama anaweza kuiona hiyo karatasi ya hesabu, aione tu. Hata hiyo haikuruhusiwa.

Alifanya mitihani iliyobaki, lakini bila hesabu hapakuwa na matokeo ya kupeleka popote. Baba yake alisema arudie darasa gani, na darasa lenyewe haliko. Wiki iliyofuata Chepkurui alifunga kikapu mgongoni.

Mwezi wa kumi na mbili Kipyegon alirudi. Wageni walijengewa kibanda cha kukaa wasilowe, na juu ya kichwa chake Caren aliona bati lenye kiraka cha lami. Mheshimiwa alinyoosha mkono kuelekea magofu.

"Angalieni vile serikali inachukia watoto wenu," alisema. "Tafuteni mama mmoja atuambie."

Caren alisukumwa mbele. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Hizo kuta nilibomoa mimi. Ni wewe ulituambia."

Kipyegon akamshika bega na kuchukua kipaza sauti taratibu. "Mmesikia? Mama ameteseka mpaka anajilaumu mwenyewe." Makofi yalikuwa makubwa kuliko yale ya mwezi wa saba.

Kutoka hapo gari lilienda shule ya kilima cha pili, na Caren alipata habari kwamba maneno ni yale yale, vitabu vya ofisi na sufuri. Jumamosi alimwambia Chepkurui aandamane naye, ili watu wa huko wamwone mtoto kwa macho yao. Msichana alikuja na kikapu chake, maana wangepitia shambani wakirudi. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kuwa vyeusi kwa utomvu wa chai.

Waliwakuta akina mama uwanjani, tayari. Caren alisema yote: chumba chenye mlango, daraja, bahasha iliyofungwa. Akamvuta Chepkurui mbele. Walimsikiliza kwa heshima, wakampa pole mtoto.

"Nyinyi mliangushwa na mvua," mmoja akasema. "Na mvua sasa imepungua, iko karibu kuisha."

"Ama hataki tupate mawe kabla yao," mwingine akasema, na wote wakacheka, bila ubaya.

Kisha mama mzee akamwangalia vizuri usoni. "Lakini wewe si ndiye yule alipiga ya kwanza kwenu? Mheshimiwa alitutajia jina lako. Kuja basi utuanzie." Akamnyooshea sururu.

Caren hakuishika. Aliweka mikono nyuma, akasema hapana, akasema tena. Mama mzee akageuka akampa mwingine, mwanamke kijana ambaye viganja vyake vilikuwa bado na rangi ya samadi ya jana.

Chepkurui alikuwa ameshaanza kushuka kilima. Caren alimfuata, na walikuwa hawajafika kwa ua wa shule waliposikia udongo ukianguka, na vigelegele.